Nani Aliyewalisha Askari wa Ruzizi?

Maneno ya mazungumzo yaliyosemwa Uvira mbele ya wafanyakazi wa migodi na watu wa mji



Nimeombwa niseme habari ya maisha ya askari katika mahandaki wakati wa vita. Neno hilo likitajwa, mtu aliyesoma hufikiri Ulaya: matope ya Ufaransa, panya, chawa, na watu kukaa shimoni miaka minne. Ni kweli, mambo hayo yalikuwako. Lakini sisi watu wa Uvira hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Shika njia ya kaskazini, pita Kiliba, pita Sange, pita Luberizi na Luvungi, ufike Kamanyola. Njia hiyo uipitayo na baiskeli yako ilikuwa mstari wa vita tangu Agosti 1914 hata Juni 1916. Ng'ambo ya mto Mjerumani, ng'ambo hii Mbelgiji. Na walioketi mashimoni pande zote mbili ni Waafrika.

Shuleni tulifundishwa habari ya Tabora. Tulikaririshwa kwamba tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Force Publique liliingia Tabora chini ya Jenerali Tombeur, na bendera ikapandishwa. Huyo Tombeur baadaye alipewa ubaroni na jina la Tabora likatiwa katika jina lake. Hata katika mji wa Brussels iko barabara iitwayo Tabora. Vema. Lakini kabla ya Tabora ilikuwako miezi zaidi ya 20 ya kungoja hapa mtoni na kule Kivu, na habari ya miezi hiyo hatukufundishwa hata kidogo. Leo nataka kuuliza swali moja tu juu ya miezi hiyo: watu wale walikula nini, na nani aliwaletea?

Kwanza tukumbuke vita vilivyoanza. Tarehe 4 Agosti 1914 Wajerumani waliingia Ubelgiji. Ugomvi wa Ulaya haukukawia kufika ziwani kwetu. Mwezi ule ule Wajerumani wakaishambulia Mokolobu, karibu na hapa Uvira, na tarehe 22 Agosti meli yao Hedwig von Wissmann ikapiga mizinga bandari ya Lukuga, ambayo leo twaiita Kalemie. Septemba wakakitwaa kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu. Basi Bula Matari akaona kwamba mpaka wote, toka volkano za kaskazini mpaka maji ya Tanganyika, lazima ulindwe. Askari wakaletwa toka kila upande wa Kongo: watu wa Ubangi, watu wa Kasai, watu wa Maniema, watu wa Katanga. Wengi wao hawajawahi kuliona ziwa letu hata siku moja. Wakaambiwa: chimbeni.

Sasa ninyi wachimbaji wa Kamituga na Misisi, mnajua kuliko mimi shimo ni kitu gani. Mnajua maji yanavyotoka chini kabla hujafika kimo cha kiuno. Mnajua ukuta wa udongo unavyoshuka baada ya mvua ya usiku. Bonde la Ruzizi ni tambarare na liko chini. Mvua zikianza Septemba au Oktoba, ardhi inakunywa mpaka inashiba, kisha maji yanasimama. Mtu aliyechimba handaki wakati wa kiangazi, likiwa kavu na zuri, masika yanamkuta amesimama ndani ya kisima. Kule Goma na Kisenyi, mahali majeshi mawili yalipotazamana kwa karibu sana, taabu ilikuwa ya namna nyingine: mwamba wa volkano haukubali jembe. Huko ulinzi wako ni mawe kuyapanga, na usiku baridi ya mlima inakuingia mifupani. Ruzizi joto na mbu, Kivu baridi na mawe. Mtu wa Ubangi hakuzoea lile wala hili.

Askari huyo alivaa nini? Katika miaka ile ya mwanzo Force Publique ilivaa nguo ya buluu na kofia nyekundu ya tarbushi. Nguo nzuri kwa gwaride, ndugu zangu, lakini shimoni kofia nyekundu yaonekana mbali. Baadaye ndipo walipovalishwa kaki. Bunduki zao nyingi zilikuwa Albini, za kutia risasi moja moja, na baruti yake ilitoa moshi mwingi, hata ukipiga mara moja tu adui amekwisha kujua ulipo. Na miguuni? Hawakuwa na viatu. Walitembea peku.

Hapo ndipo wanapoingia maadui ambao hawakuandikwa katika vitabu vya ushindi. Wa kwanza ni funza. Mdudu huyu hakuwako kwetu zamani. Aliletwa na merikebu pwani ya Angola katika miaka ya 1870, akapita bara zima kwa miguu ya wapagazi na askari mpaka akafika maziwa makuu. Anaingia chini ya ukucha, anataga, kidole kinaoza. Askari asiyeweza kutembea si askari tena. Wa pili ni papasi. Wazee mnamjua: yule kupe anayekaa katika vumbi la sakafu ya nyumba, mchana amejificha, usiku anatoka kuuma. Homa yake inakuja, inaacha, inarudi, inaacha, inarudi tena. Waganga wawili, Dutton na Todd, ndio waliochunguza ugonjwa huu huku mashariki ya Kongo, na Dutton mwenyewe ulimwua huko Kasongo mwezi Februari 1905. Basi fikirini: papasi anapenda kambi. Anapenda kibanda kilicholaliwa na watu leo, kesho wakalala wengine, kesho kutwa wengine. Kila kituo cha njia ya wapagazi kilikuwa nyumba yake.

Mbu wa bondeni, nisiwachoshe, mnaumwa nao kila usiku. Malale yalikuwa yamekwisha kuua watu wengi pwani ya ziwa kabla ya vita. Kuhara damu kulifuata maji machafu, na kichomi kiliwafuata wale waliopandishwa kutoka nchi ya joto kwenda mlimani bila blanketi la kutosha.

Mapigano je? Yalikuwako, lakini si kila siku. Septemba 1915 Wajerumani walivuka wakaishambulia Luvungi, wakarudishwa. Huko Kivu kulikuwa na kushambuliana mara kwa mara na yule Kapteni Wintgens, ambaye aliwasumbua Wabelgiji sana. Siku nyingine zote zilikuwa za kulinda, kuchimba, kuchota, kungoja. Na anayengoja anakula.

Haya, tufike kwenye chungu.

Kule Ulaya askari wa Kibelgiji alikaa kando ya mto Yser. Oktoba 1914 walifungua milango ya maji ya Nieuwpoort, bahari ikaifunika nchi, Wajerumani wakazuiwa, na jeshi la Ubelgiji likakaa ukingoni mwa maji hayo mpaka 1918. Taabu yao ilikuwa kubwa, sitaidharau. Lakini mkate wao uliletwa kwa gari la moshi mpaka karibu, kisha kwa farasi, na saa ya mwisho tu ndipo watu waliposhika mzigo mabegani usiku. Kwetu reli ya Kabalo ilifika Kalemie mwaka 1915, na meli za Mjerumani zilikuwa bado zinatawala ziwa. Ni Desemba 1915 na Februari 1916 ndipo Waingereza, na vile vimashua vyao viwili Mimi na Toutou, walipoikamata Kingani na kuizamisha Hedwig von Wissmann. Kabla ya hapo, chakula cha jeshi kilikuja kwa njia gani? Kwa kichwa cha mtu. Ile njia ya zamani ya misafara, ya pembe na watumwa, toka Kasongo kwenda ziwani, ikajaa tena watu wenye mizigo.

Nataka tufanye hesabu pamoja, na yeyote aliyewahi kuhesabu posho mgodini ataifahamu. Chukueni mfano: mpagazi mmoja amebeba kilo 25 za unga. Safari yake ni siku 20. Yeye naye ni mtu, anakula robo tatu ya kilo kwa siku. Na hicho si kingi kwa mtu apandaye mlima na mzigo. Siku 20 amekula kilo 15. Amefika Ruzizi na kilo 10. Lakini lazima arudi kwake, siku nyingine 20, kilo 15 nyingine. Kwa hiyo hata akimpa askari sifuri, bado kilo 5 zimepungua. Mnaiona hesabu? Kwa unga wa mgongoni peke yake, askari wa mstari wa mbele hawezi kula hata kijiko.

Basi alikula vipi, maana alikula? Ziko njia tatu, na zote tatu zilitumika. Ya kwanza, kumpunguzia mpagazi chakula chake, yaani abebe unga na njaa pamoja. Ya pili, kupokezana: huyu abebe kutoka hapa mpaka pale, amkabidhi mwingine, naye mwingine, ili kila mmoja alale karibu na kwao, lakini hapo unahitaji watu wengi ajabu. Ya tatu, kijiji kilicho kando ya njia kitoe muhogo, ndizi, maharagwe, samaki, mbuzi, kwa bei ya Bula Matari au bila bei yoyote. Kapita anakuja na askari wawili, anahesabu vikapu, anaondoka. Mama aliyelima na aliyetwanga hakuandikwa katika daftari la jeshi lolote. Lakini mimi nasema huyo ndiye aliyelishikilia handaki la Luvungi.

Na wake wa askari pia. Desturi ya Force Publique ilikuwa askari kuishi kambini na mkewe. Yeye ndiye aliyepika, aliyechota maji, aliyeosha kidonda. Wakubwa wa jeshi walihesabu bunduki na watu wa kuzibeba. Ukiwatoa wanawake, kambi ile isingelala na shibe hata juma moja.

Katika vita vyote vya 1914 mpaka 1918, wapagazi waliotumiwa na Force Publique walipata 260,000. Askari walioondoka mpakani mwaka 1916 walizidi kidogo 10,000. Gawanyeni wenyewe: kwa kila mwenye bunduki, wenye mzigo ni zaidi ya 20. Kwa nini basi tukisema „vita" tunamwona mwenye bunduki tu? Ndugu zetu wa Dar es Salaam na Nairobi angalau wana jina la mtaa: Kariakoo, lililotoka katika jina la kikosi cha wapagazi wa Mwingereza. Upande huo wapagazi walipita milioni moja, na waliokufa wanahesabiwa kuwa wapata 95,000. Kwetu hata Kariakoo hatuna.

Aprili 1916 jeshi likaondoka. Brigedi ya kaskazini ya Kanali Molitor ikatwaa Kigali mwezi Mei. Brigedi ya kusini, ya yule Mdenmark Olsen, ikavuka Ruzizi na kuingia Usumbura tarehe 6 Juni. Julai Kigoma, Septemba Tabora. Mashimo ya bonde letu yakaachwa, nyasi zikaota. Na nyuma ya jeshi njaa ikabaki. Huko Bugoyi, kaskazini-magharibi ya Rwanda, mahali majeshi yalipokaa na kula muda mrefu, na mvua nayo ikakosa, ilikuja njaa kubwa ya 1916 mpaka 1918 ambayo Wanyarwanda waliipa jina Rumanura.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wazee wetu waliliona kwa miaka 40 bila kuambiwa lilianzia wapi. Tarehe 20 Februari 1917, vita vikiendelea na jeshi likiwa bado lataka kula, serikali ya koloni ilitoa amri ya kulazimisha kilimo. Mwanakijiji alime hiki na hiki, siku 60 kwa mwaka, apende asipende. Ilisemwa ni kwa ajili ya vita. Vita vilikwisha 1918. Amri haikwisha! Ile pamba ya lazima ya bonde la Ruzizi, yule mkaguzi wa mashamba na fimbo yake, ile jela kwa mtu ambaye mistari yake haikunyooka, yote hayo yaliendelea mpaka siku za kukaribia 1960. Mzee wa Sange aliyechapwa kwa ajili ya pamba mwaka 1950 alikuwa bado analipa chakula cha askari wa 1916. Askari alitoka shimoni, mkulima akabaki.

Na faida alipata nani? Ubelgiji ilipewa Ruanda na Urundi kuzitawala. Tena kwa mapatano ya 1921 na Waingereza ikapata sehemu zake katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam, kwa kodi ya franka moja kwa mwaka. Franka moja! Wafanyabiashara wa soko hili mnaopitisha mizigo Kigoma, mjue mlango ule ulinunuliwa kwa nini. Ninyi wa migodi nanyi msisahau kwamba shaba iliyoyeyushwa Lubumbashi tangu 1911 ilinunuliwa na Waingereza kwa vita hivyo, maana ganda la risasi ni shaba. Mfanyakazi alitoa shaba, mkulima alitoa unga, mpagazi alitoa shingo. Medali zikaenda kwa wachache.

Alikuwako mtu mmoja aliyeuliza. Jina lake Paul Panda Farnana. Mkongo huyu alikuwa Ubelgiji vita vilipoanza, akajitoa kupigana, akatekwa huko Namur mwezi huo huo wa Agosti 1914, akakaa mfungwa Ujerumani mpaka mwisho. Aliporudi, mwaka 1919, alianzisha chama cha Union Congolaise kwa ajili ya Wakongo waliokuwa Ubelgiji, na mwaka 1920 akasimama mbele ya mkutano wa mambo ya koloni mjini Brussels akadai Wakongo wapate shule na sauti katika mambo ya nchi yao. Alisema hivyo miaka 40 kabla ya uhuru. Alikufa 1930. Watoto wetu wangapi wanalijua jina lake? Wa Tombeur wanalijua.

Mtu atasema: hayo ni ya zamani. Sawa. Mwaka 1941 Force Publique ilipelekwa Abisinia kupigana na Waitalia. Wakaitwaa Gambela mwezi Machi, wakakaa chini ya mlima wa Saio wakiwa na njaa na kuhara, mbali kabisa na ghala zao, mpaka Waitalia waliposalimu amri Julai. Jenerali mwingine, mlima mwingine, chungu ni kile kile. Na bonde letu lenyewe limeona majeshi mangapi tangu uhuru? 1964 waasi walikuwa hapa Uvira. 1996 vita vilipita hapa. Mwaka 2025 watu wa Kamanyola na Luvungi walikimbia na magodoro vichwani, wengine wakavuka Ruzizi kwenda Burundi, katika njia ile ile niliyoitaja mwanzo. Kila mara jeshi lisilolishwa na ghala lilishiba kwa shamba la mtu. Na mtu anayemchukulia mama kuku wake katika kizuizi cha njiani mara nyingi naye ni kijana aliyewekwa shimoni bila posho kwa miezi. Sisemi hivyo ili kumsamehe. Nasema ili tukiwauliza wakubwa habari za jeshi, tusiulize kwanza bunduki ngapi. Tuulize: posho imelipwa tarehe gani? Unga uko ghala gani? Nani anaubeba, naye analipwa kiasi gani? Mkubwa asiyeweza kujibu maswali hayo matatu asituombe kushangilia.

Nina ombi moja kabla ya kukaa chini. Wako kati yenu wajukuu na vitukuu wa wapagazi. Katika ukoo wenu liko jina la mtu aliyeondoka na mzigo asirudi, au aliyerudi na mguu mbovu. Maofisa wa Ulaya wamekwisha kuandikwa. Jina la babu yako hutalikuta katika vitabu vyao. Mtu mwenye daftari la shule aliandike jina hilo, na kijiji, na njia aliyoishika, na nani alimwona mara ya mwisho. Anayejua mahali palipokuwa kambi au kaburi, aseme mahali kwa jina: chini ya mti upi, upande gani wa mto. Na majina ya bibi zetu waliotwanga, hayo pia. Mzee mmoja hapa mbele ananyosha mkono. Tumsikilize yeye kwanza.